Maneno Manne ya Mama Lin

Ukimwuliza mtu wa kwetu mambo haya yalitokea mwaka gani, atakuna kichwa. Mwambie "mwaka wa mayai" atakumbuka palepale. Kuku na bata mzinga walikufa kwa ugonjwa mashambani huku Minnesota, mayai yakawa kitu cha kuangaliwa dukani na kuachwa palepale yalipo. Sisi watu wa Kongo hapa Saint Paul tulirudia sombe, yale majani yetu ya muhogo, tukayanunua yakiwa mawe ya barafu, tukayatilia dagaa wakavu wa duka la Wahmong, majirani zetu waliotoka Asia. Dagaa wenye macho makubwa, wasiofanana hata kidogo na wale wa ziwa letu. Tukala, tukashukuru, tukaenda kazini.

Na kazini ndiko ninakotaka kuwapeleka, ninyi wajukuu zangu na vijana wote mnaoamka na giza kwenda kwenye maghala ya Eagan na viwanda vya Savage. Mnaniona nimekaa na blanketi miguuni mnadhani nilizaliwa nimestaafu. Nilikuwa dobi. Msicheke. Si dobi wa beseni na sabuni ya mche. Nilikuwa dobi wa kiwanda, kule Eagan, tunafua shuka za hospitali na hoteli. Wengine wenu, shuka mliyozaliwa juu yake ilipita mikononi mwangu. Kwa hiyo heshima kidogo.

Shule yangu iliishia darasa la tatu. Kuandika huku nilijifunzia kambini Tanzania, kwenye kwaya, nikinakili nyimbo. Mkiona herufi zinapanda mlima, zifuateni tu, zitafika.

Pale kiwandani kulikuwa na mashine tuliyoiita Pasi. Ilikuwa kubwa kama basi la shule. Mbele wanasimama walishaji, wanaipa shuka mbichi. Inaimeza, inaipitisha kati ya magogo ya chuma yenye moto, inaitoa nyuma imekauka na kunyooka kama karatasi. Huko nyuma tunasimama wapokeaji. Mimi nilikuwa mpokeaji.

Niwape siri za upokeaji bure, ingawa hamjauliza. Shuka ya moto haishikwi katikati, inashikwa kwenye pindo, maana pindo hupoa kwanza. Shuka ya hoteli ni nzito na ina kiburi, inateleza. Ya hospitali imechoka, ukiivuta kwa hasira inakuchanikia mkononi. Pete inabaki nyumbani, hata kama mume ana wivu. Na pua ndiyo inayojua mambo mapema kuliko macho. Ukisikia harufu ya mkate unaoungua, kuna kitu kimekwama kwenye magogo. Usiulize nani kaleta mkate.

Aliyenifundisha haya ni Mama Lin, Mchina. Mfupi, nywele alijikata mwenyewe na ilionekana wazi kwamba alijikata mwenyewe. Kiingereza chake na changu ukiviunganisha visingejaza kijiko. Lakini tulizungumza siku nzima. Nani kawaambia mazungumzo yanahitaji lugha? Yanahitaji mikono, na watu wawili wanaomcheka mtu yuleyule.

Mtu tuliyekuwa tukimcheka ni Otieno, msimamizi wetu wa zamu, Mkenya. Kijana mzuri, ila alikuwa na moto matakoni. Malori yakichelewa, anakimbia. Yakiwahi, anakimbia. Alitaka na sisi tukimbie na matoroli kutoka Pasi hadi kwenye rafu, juu ya sakafu yenye maji na pamba za shuka, sakafu inayoteleza kama bamia.

Siku moja akanijia huku anapiga makofi, na Kiswahili chake cha Nairobi ambacho mama ni "mathe". "Mathe! Mbona unatembea kama bibi harusi? Chapa mguu bana, tuko leti!"

Nikaweka toroli kando ya ukuta. Nikamwambia, "Nilishakimbia vya kutosha. Hapa sikimbii."

Alijua nilikotoka. Nilikimbia vita kutoka Fizi, kwetu Kongo, na mtoto mgongoni na mwingine mkononi, na sufuria kichwani, na kwa kuwa nilikimbia nikitazama nyuma, nilijikwaa, sufuria ikaenda na chakula chetu chote. Kukimbia nakujua vizuri. Mtu anayekimbia haoni. Anaona kile anachokikimbia tu, au kile anachokikimbilia. Vingine vyote vinakuwa ukungu.

Otieno angeweza kunifukuza siku hiyo. Badala yake akasema, "Sawa Mathe, basi tembea, lakini tembea kama unaenda mahali." Hapo nilimpenda.

Mama Lin aliona yote. Akanivuta kando akaniuliza kwa nyusi: umemwambia nini? Nikamwonyesha: nikakimbia palepale nilipo, mikono juu, kisha nikakata hewa kwa kiganja. Hakuna. Alicheka mpaka akaishika Pasi, akaungua kidogo, akacheka tena. Ndipo akanipa maneno manne ya kwao: bu huang bu mang.

Sikilizeni alivyonifafanulia, maana hakuna mwalimu ambaye angefanya vizuri zaidi. Aliposema "huang", alitoa macho, akazunguka kama kuku aliyeona mwewe, mikono inatetemeka, anagusa hiki, anaangusha kile. Huko ni kubabaika. Aliposema "mang", akajirundikia shuka mikononi mpaka kidevuni, akajipangusa jasho kwa bega, akatwetatweta, akataka kushika na nyingine kwa meno. Hiyo ni pupa, mambo kukuzidi. Kisha "bu", akakata hewa kwa kiganja vilevile nilivyokuwa nimekata mimi. Bu huang, bu mang. Bila kubabaika, bila pupa. Halafu akachukua shuka moja, akaikunja, pindo juu ya pindo, macho yake yakiwa yamekwisha kufika kwenye shuka ya pili. Miguu imetulia, macho yanafanya kazi. Nikaelewa.

Basi mimi, kama mtu aliyenunua kiatu kipya, nikayavaa maneno yale kila mahali. Wiki hiyohiyo Otieno alikuwa anatafuta toroli lililopotea, jasho linamtoka, lori linapiga honi nje. Nikampigia kelele: "Otieno! Bu huang bu mang!"

Akageuka. "Mathe, sasa unanitusi kwa Kichina?"

Mama Lin akajifunika mdomo. Baadaye, wakati wa chai, akanirekebisha. Ilimchukua kikombe kizima. Akanionyesha mtu anaungua, halafu mwingine anasimama pembeni akimwambia maneno yale. Akatikisa kichwa, uso umekunjamana kama amelamba ndimu. Kisha akaonyesha mtu aliyemaliza kazi ngumu, anapangusa mikono, na mwenzake anamwelekezea kidole kwa heshima: huyu, bu huang bu mang. Akatikisa kichwa kwa kukubali. "Kabla, hapana," akasema kwa kile Kiingereza chetu cha kijiko. "Baada."

Yaani si amri. Harushiwi mtu aliyekwisha kubabaika, maana utamwongezea. Ni sifa, inatolewa na aliyekuona ukiwa katikati ya moto na hukupoteza akili. Huwezi hata kujisifu nayo mwenyewe. Unasubiri. Pengine usiipate kabisa.

Na msije mkadhani ni uvivu. Tulikuwa na kijana mmoja mzembe pale, akichelewa anasema yeye ni mtulivu. Mama Lin alimtazama akasema neno lingine la Kichina, fupi, na hilo hakunitafsiria.

Mambo yalibadilika, kama kawaida. Walileta mashine ya kukunja, tukapunguzwa huku nyuma. Magoti ya Mama Lin yakamshinda, akaacha kazi, akahamia Savage kwa kijana wake. Akaniachia glavu zake. Zilikuwa ndogo, hazikunitosha hata vidole viwili, nikazitundika kwenye msumari karibu na nguzo. Ile nguzo ndiyo iliyokuwa na kitufe chekundu cha nyuma.

Sikilizeni hapa vizuri. Pasi ilikuwa na vitufe viwili vyekundu vya kuizima mara moja. Kimoja mbele, kwa walishaji. Kimoja nyuma kwetu, kwenye nguzo. Cha mbele mara nyingi kilizibwa na matoroli, maana matoroli hayana adabu. Mama Lin siku yangu ya kwanza kabla hajaniambia jina lake alinipeleka kwenye nguzo, akaweka mkono wangu juu ya kile kitufe, akanifumba macho kwa kiganja chake, akanizungusha, akanitaka nikitafute tena. Nilidhani ni mchezo wa Kichina.

Sasa tunarudi kwenye mwaka wa mayai.

Binti yangu Riziki alikuwa ameajiriwa palepale, mbele, mlishaji. Alikuwa na mimba kubwa. Suruali ya kazi ilikuwa imegoma kufunga kifungo. Na ninyi mnajua akina mama wa kanisa letu: hata suruali ikifunga, mwanamke hatembei na makalio nje kama amesahau kuvaa. Riziki akafunga kitenge juu ya suruali. Ilikuwa marufuku, Otieno alikwisha kutuambia sote, nguo yoyote inayoning'inia ni chakula cha Pasi. Riziki akakificha chini ya aproni. Na hakukichomeka kiunoni kama siku zote, ambapo kikivutwa kinafunguka chenyewe. Kwa sababu ya tumbo, alikifunga fundo.

Mchana, ncha ya kitenge ikalala juu ya shuka mbichi. Pasi haijui shuka wala kitenge. Ikameza.

Nilichosikia kwanza si sauti ya mashine. Nilisikia yowe.

Ninyi mliozaliwa huku hamjui yowe ni nini. Kwetu mwanamke akipiga yowe, jembe linaachwa shambani, chungu kinaachwa motoni, kila mtu anakimbilia kule sauti inakotoka. Huulizi. Usipokwenda, siku yako hawatakuja. Ndivyo tulivyolelewa, na karibu nusu ya zamu ile ilikuwa watu wa kwetu. Kwa hiyo yowe lilipotoka, kiwanda kizima cha Wakongomani kikafanya kile ambacho mama zetu walitufundisha. Waliachia kila kitu wakakimbilia mbele. Waliokuwa na matoroli walikimbia nayo, wakayasukumiza huko, yakarundikana juu ya kitufe cha mbele mpaka hakionekani. Wakamshika Riziki mikono, mabega, wakawa wanamvuta. Na kadiri walivyomvuta ndivyo fundo lilivyokaza. Pasi inavuta huku, wao wanavuta kule, na katikati ni tumbo la mwanangu.

Mama mmoja alinipita mbio akinipiga begani: "Mama Riziki! Kimbia! Ni mtoto wako!"

Mguu wangu mmoja ulikwisha kugeuka. Nawaambieni ukweli, mguu wa mama haungoji ruhusa. Lakini macho yangu, sijui kwa nini, yaliona zile glavu ndogo msumarini. Kule mbele kulikuwa na mikono ya kutosha. Huku nyuma hapakuwa na mtu hata mmoja.

Nikageuka. Nikampa mwanangu mgongo, naye analia, "Mama! Mama!" Nikatembea. Sakafu ilikuwa na maji. Ningekimbia ningelala chini ya rafu mpaka leo. Nikaweka mguu, nikaweka mguu. Ilikuwa mwendo mfupi tu, ila sijawahi kutembea mbali kama vile, na nimetembea kutoka Fizi hadi ziwani. Mkono wangu ukajua wenyewe mahali, kama ule mchezo. Nikabonyeza.

Pasi ikakoroma, ikasimama.

Kumbe kusimama si mwisho. Magogo yalikuwa bado yameuma kitenge, na yana moto. Nikazunguka mashine, nikafika mbele, nikawakuta wanavuta bado.

"Mwacheni," nikasema.

"Mama Riziki, atakufa!"

"Mkimvuta ndiyo atakufa. Mwacheni! Wewe, mshike mgongo tu, asianguke. Otieno, mkasi!"

Otieno, maskini, alikuwa ameishika simu juu chini, anaita gari la wagonjwa. "Mkasi uko ofisini, Mathe! Nakimbia!"

Sikumsubiri. Fundo la kitenge halivutwi, wajukuu, linasukumwa. Unaishika ncha na kuirudisha ndani kama unamlisha uji mtoto asiyetaka, kidogo, tena kidogo, mpaka tumbo la fundo linalegea. Jasho la Riziki lilikuwa linanidondokea mkononi. Nikamwambia maneno ya kijinga tu. Nikamwambia kitenge chenyewe kibaya, rangi gani hii, nani alikuuzia. Akalia huku akicheka. Pumzi ikashuka, tumbo likalegea, na fundo nalo. Likafunguka.

Akarudi nyuma mikononi mwao, kitenge kikabaki mdomoni mwa Pasi, kinatoa moshi. Harufu ya mkate unaoungua.

Otieno akafika na mkasi, anahema. Akautazama mkasi, akanitazama, akakaa chini kwenye maji.

Hospitalini walimpaka Riziki ile dawa baridi tumboni, wakaweka kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Kimya. Nesi akakisogeza. Kimya. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya Riziki na nilivikamata kama vile ndivyo vilivyokuwa vinaumwa. Akakisogeza tena, na chumba kikajaa mlio, dudu, dudu, dudu, kama mtu anayetwanga sombe kwa hasira. Ndipo nikaketi sakafuni kama Otieno. Nesi akafikiri nimezimia, kumbe nacheka.

Riziki alibaki na kovu dogo mkononi na mstari kiunoni. Basi. Kwa yote yale, kovu. Hadi leo nikiliona moyo unanishuka taratibu kama shuka inayopoa.

Lakini watu ni watu. Jumapili kanisani nikasikia minong'ono: mama gani anatembea mtoto wake akilia? Mmoja akaniuliza mbele za watu kwa nini sikukimbia. Nikamjibu, "Nilishakimbia vya kutosha. Hapa sikimbii." Akadhani nina kiburi. Ninacho.

Yao hayakuniuma. Lililoniuma ni la Riziki mwenyewe. Siku chache baadaye tulikuwa tunachambua mboga, akasema bila kuinua macho, "Mama, nilikuona ukinigeuzia mgongo."

"Ndiyo."

"Nilifikiri umeniacha."

Ningemweleza vitufe, ningemweleza matoroli, lakini mtoto aliyekuona ukimwacha hataki habari za matoroli. Nikavuta fungu jingine la majani, naye akavuta lake, tukamaliza mboga. Nikalala na hilo kifuani mpaka mtoto alipozaliwa.

Msichana. Tulimwita Furaha, na siku ile ningekubali aitwe hata Toroli. Alizaliwa mzima, mnene, na sauti ya kuamsha mtaa.

Hakuwa amefikisha mwezi Mama Lin alipokuja kutoka Savage, analetwa na kijana wake. Mikononi ana kikapu kilichofunikwa taulo. Akafunua: mayai. Mwaka ule! Mayai yamejaa kikapu, tena yamepakwa rangi nyekundu, kwao ndivyo wanavyompokea mtoto. Riziki akatokwa na machozi kwa mayai kabla hata hajasalimia.

Kijana wake alitutafsiria. Mama Lin alikuwa amesikia habari kutoka kwa wenzetu wa kiwandani, lakini alitaka kuisikia kwangu. Nikaieleza. Nilipofika kwenye nguzo, kijana akatafsiri, Mama Lin akaweka yai chini. Hakucheka. Akamgeukia Riziki, si mimi. Akaninyooshea kidole akasema yale maneno manne, taratibu, kila moja na nafasi yake.

"Anasema mama yako alifanya kazi bila kubabaika, bila pupa," kijana akasema. Mama Lin akamkatiza, akaongeza. "Anasema, waliokukimbilia walikupenda. Lakini aliyekupa mgongo ndiye aliyekuwa anakuja kwako."

Riziki alinitazama. Halafu akamchukua Furaha mikononi mwake, akanipa mimi. Akaenda jikoni kutuchemshia chai, nikamsikia huko anaimba.

Nimeacha kazi sasa. Pasi ya siku hizi, naambiwa, ina jicho la taa, ukisogeza hata kidole inajizima. Vizuri sana. Hata hivyo siku yako ya kwanza, popote watakapokuweka, tafuta kwanza kitufe chekundu, kisha ndiyo uulize choo kiko wapi. Nguo inayoning'inia, ichomeke. Na siku ukisikia yowe, wengine wakimbie. Wewe tazama kwanza ni mahali gani hapana mtu.

Furaha ana miaka minne. Anajifunga kamba za viatu mwenyewe, na mwalimu wake anasema hajawahi kuona. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu Kiingereza, kama wenzake wote. Wiki iliyopita tulikuwa watatu tunakwenda kliniki, tumeshaona treni inaingia kituoni ng'ambo ya barabara, inapiga kengele. Riziki mbele na mikoba, anageuka anapiga kelele: "Mama, kimbia! Furaha, mvute Bibi! Itatuacha!"

Furaha alikuwa ameushika mkono wangu. Hakuvuta. Aliangalia taa ya kuvukia barabara, ilikuwa bado nyekundu. Akaniangalia mimi. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akamjibu mama yake kwa Kiswahili, kwa sauti yake ileile ya kuamsha mtaa:

"Nilishakimbia vya kutosha. Hapa sikimbii."